Herufi Zangu Zilipoanza Kutetemeka

Ilianza kwenye herufi G. Nilikuwa naandika HONGERA juu ya keki ya komunio, neno ambalo nimeliandika mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe, na nilipofika kwenye G krimu ikapinda, ikaota mkia kama wa mjusi. Nikaikwangua kwa kisu, nikaandika upya. Mkia ukarudi. Nikautazama mkono wangu wa kulia uliokuwa umeshika kifuko cha krimu, nikaona kidole gumba kinacheza chenyewe, taratibu, wala hakina haraka. Nikakiambia kiache. Hakikuacha.

Mimi ni fundi keki. Nafanyia kazi nyumbani kwetu Buhongwa, hapa Mwanza, kwenye chumba cha mbele ambacho mume wangu alikijenga kiwe karakana yake ya kutengeneza mafriji, mimi nikakiteka kabla saruji haijakauka. Keki za harusi, za sendofu ya kumuaga bibi harusi, za ubatizo, za watoto kumaliza darasa la saba, zote zimepita hapo. Na bila kujisifu, maana sisi watu wa Kagera hatujisifu, tunaeleza tu hali ilivyo, hakuna mtu barabara yote ya Shinyanga anayeandika kwa krimu kama mimi. Mwandiko niliurithi kwa baba. Baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na barua zake za kuwaita wazazi shuleni watu walikuwa wanazihifadhi kabatini, hata kama barua yenyewe inasema mtoto wako ameiba chaki.

Sasa shida ilikuwa hapo hapo. Baba naye alianza na kidole gumba.

Kwa miaka mingi nyumbani ule mtetemo tuliuita uzee. Mimi nilikuwa huku Mwanza na maisha yangu, nakwenda kuwasalimia mara mbili kwa mwaka, nikirudi nasema mzee anatetemeka kidogo lakini mdomo uko pale pale. Mwaka wake wa mwisho ndipo daktari alipoandika Parkinson kwenye karatasi, na mimi nikaelewa kwamba kumbe haukuwa uzee. Wakati huo baba alikuwa anatembea kwa hatua fupi fupi, uso umekaza, kikombe anashikiwa na mama. Alipofariki nililia sana, nikazika, nikarudi kwenye keki zangu. Kwa hiyo mkia wa ile G ulipokataa kutoka, nilichoogopa kilikuwa kimoja tu: kwamba baba ameniachia mwandiko na ugonjwa kwa pamoja.

Sikumwambia mtu. Nilifunika ile G kwa ua la krimu. Mama mwenye keki akasema ua limependeza.

Wiki iliyofuata likaja jicho. Kope ya juu ya jicho la kulia ikaanza kurukaruka, mchana kutwa. Jirani yangu, mama mmoja Mjita anayeuza dagaa, aliniona naligandamiza kwa kidole, akaniuliza kwa furaha kabisa:

"La kulia au la kushoto?"

"La kulia."

"Kope ya juu au ya chini?"

"Ya juu."

"Basi una mgeni huyo! Andaa chakula."

Kwa kuwa mgeni ni afadhali kuliko Parkinson, nilishika imani hiyo kwa mikono miwili. Nilipika ndizi na nyama, nikaosha glasi za kabatini, nikakaa. Saa nane mchana mgeni akaja kweli: kijana wa kusoma mita ya maji. Nilimkaribisha kwa heshima zote, akala sahani mbili na kuomba maji ya kunawa tena. Alipoondoka jicho bado linacheza. Likacheza siku kumi na moja mfululizo bila dalili ya kuchoka, na wageni wa idadi hiyo mimi nisingewaweza.

Baada ya jicho zikafuata nyama za mguu. Ukikaa kwenye kiti unaona misuli ya shavu la mguu inatembea chini ya ngozi kana kwamba kuna kitu kinatafuta mlango. Halafu moyo, unapiga mbio bila sababu, umekaa zako unapepeta unga, unga wenyewe hauna habari mbaya yoyote. Hapo ndipo nilipofanya kosa la kuiuliza simu.

Simu haina adabu. Daktari hata akiwa mkali atakwambia kaa kwanza. Simu inakwambia unakufa kabla hujamaliza kuandika swali. Niliandika "kidole gumba kutetemeka na jicho kucheza", ikanipa magonjwa matano, manne sikuweza hata kuyatamka, na wa tano ulikuwa wa baba. Nikasoma dalili zake moja baada ya nyingine huku keki inaungua. Ilikuwa keki ya kwanza kuniungulia tangu nilipoolewa, na hilo nalo nikaliandika kama dalili.

Nikaanza kujipima. Simu ilisema mgonjwa hupoteza uwezo wa kunusa, nikaenda kwa jirani yangu nikainamia beseni la dagaa, nikavuta pumzi mpaka ndani. Yesu na Maria! Pua ilikuwa nzima, kuzidi hata ninavyohitaji. Simu ikasema uso wa mgonjwa hukosa tabasamu, basi nikawa natabasamu. Nilitabasamu dukani, kanisani, kwa watu wa bodaboda. Mteja mmoja akaniambia, "Mama keki, leo una furaha, hebu nipunguzie basi." Simu ikasema mkono mmoja huacha kupepea mtu anapotembea. Kuanzia siku hiyo nikitoka kwenda stendi natembea huku naangalia kivuli changu, na nikihisi mkono wa kulia umelegea naurusha kwa nguvu. Watu wa Buhongwa walinitazama wakatikisa vichwa. Nilisikia mmoja anasema, "Wahaya bwana, hata kununua nyanya ni gwaride."

Kilichonimaliza ni mwandiko. Simu ilisema herufi za mgonjwa huanza kuwa ndogo, siku hadi siku. Nikafungua picha za keki zangu zote za miaka mitano, nikaziweka sambamba na za mwezi ule, nikachukua rula ya mwanangu nikapima kwenye kioo cha simu. Jamani! Herufi zilikuwa zimepungua karibu nusu. Nilikaa kitandani nikiwa nimeshika rula. Ilinichukua siku mbili kugundua kwamba miaka mitano iliyopita watu walikuwa wanataka HONGERA tu, siku hizi wanataka HONGERA KIPENZI CHETU KWA KUHITIMU MUNGU AKUTANGULIE KATIKA HATUA INAYOFUATA, na sahani ya keki ni ile ile. Nilijicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kidole gumba kilikuwa kinacheza wakati nacheka.

Mume wangu ni Msukuma wa Kisesa. Ni mtu ambaye anaweza kukaa na friji bovu kutwa nzima wasiambiane neno, yeye na friji. Nilimficha kwa sababu nilijua hatapiga kelele, angenitazama tu, na kutazamwa ndiko nilikokuwa nakuogopa. Lakini nilitaka kujua jambo moja: siku nikishindwa kushika kijiko, huyu mtu atanilisha vipi? Mama alimlisha baba kama anavyomlisha kuku wake wa mayai, kwa upole na maneno mengi. Huyu wangu sikuwahi kumwona akimlisha hata mtoto.

Basi siku moja mchana nikapaka mikono unga mpaka viwikoni, nikamwita.

"Baba watoto, njaa inaniua na mikono ndiyo hii. Hebu nilishe."

Aliitazama mikono. Alinitazama. Akavuta sahani ya ugali na sato, akafinyanga tonge. Msomaji, lilikuwa tonge la mtu anayekwenda kulima heka mbili. Akalisukuma lote. Nilibaki nimetumbua macho, sipumui, machozi yananitoka, yeye anasubiri kwa utulivu akiwa tayari ana la pili mkononi. Nikajua mimi sitakufa kwa Parkinson, nitakufa mapema zaidi, kwa kukabwa na ugali.

Nilitaja sato na ugali, na sitaki mfikiri nilikuwa nakula ovyo. Kipindi hicho nilikuwa naishi kwa afya kuliko wakati wowote. Mwanzoni mwa mwaka gauni langu la harusi ya mdogo wangu lilikataa kufunga zipu, nikajua ni krimu, maana fundi keki hulamba kijiko, hulamba bakuli, hulamba kidole, na jioni anashangaa kiuno kimekwenda wapi. Nikaacha kulamba. Kila tamaa ya krimu ikija, natia mkono kwenye mfuko wa aproni natoa punje ya kahawa natafuna. Mama ananitumia kutoka kijijini kwa basi, zile zilizochemshwa na kukaushwa, zimefungwa kwenye majani makavu ya mgomba. Kwetu mgeni akiingia anapewa hizo kabla hajaulizwa shida yake. Zipu ikafunga. Nilijivuna sana.

Kisha ikaja keki ya Nansio. Rafiki yangu wa siku nyingi, Mkerewe, alikuwa anamwoza bintiye, na keki ya sendofu akaniachia mimi. Ngazi tatu. Keki ya namna hiyo huwezi kuiandika Mwanza ukaipandisha kivukoni, krimu itafika imekuwa uji. Unabeba keki tupu na vifaa, unaandikia huko huko. Nikapanda kivuko na maboksi yangu. Na ajabu, zile saa tatu majini zilikuwa saa zangu za amani kuliko zote za mwaka ule. Ziwa lilikuwa limechafuka kidogo, kila mtu anatikisika, chai inamwagika kwa kila mtu, mimi nami natikisika na wenzangu. Nilitamani tusifike.

Tukafika. Nyumba ilijaa shangazi. Kuna shangazi wa mume, kuna shangazi wa mke, na wote walivuta viti wakaizunguka meza kuniangalia naandika, kwa sababu walikuwa wamesifiwa mkono wangu. Nikashika kifuko cha krimu. Mkono ukaanza. Safari hii si kidole gumba peke yake, ni mkono mzima, na jina la bibi harusi lina herufi tisa. Nikaandika ya kwanza, ikatoka ina mawimbi.

Shangazi mmoja mzee akasogeza uso. "Mwanangu, mbona mkono unatetemeka?"

"Shikamoo shangazi," nikasema, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia mara mbili. "Ni ziwa hili. Mwili bado haujashuka."

"Marahaba. Ziwa lina fujo kweli," akasema, akarudi nyuma.

Nikamaliza herufi zote tisa hivyo hivyo, zinapanda na kushuka, na chini yake nikaweka mstari wa buluu nao una mawimbi, ili ionekane ni makusudi. Wakapiga vigelegele. Wakapiga picha. Kabla sijarudi Mwanza simu yangu ilikuwa na ujumbe wa watu watatu wakitaka "yale maandishi ya ziwa". Nilicheka kwenye kivuko mpaka abiria mwenzangu akahama kiti, halafu nikafunika uso kwa khanga nikalia, kwa kuwa nilijua yale hayakuwa maandishi ya ziwa. Yalikuwa maandishi ya baba ya mwaka wake wa mwisho. Nilikuwa na kadi yake ya Krismasi nyumbani, yenye mawimbi yale yale.

Nikaenda zahanati ya karibu. Nilikutana na tabibu kijana, mpole, anaandika bila kuinua kichwa.

"Unatumia pombe?"

"Hapana."

"Sigara?"

"Mwanangu, nifanane na mvuta sigara?"

"Kahawa? Vinywaji vya kuongeza nguvu?"

"Situmii," nikasema bila kupepesa, hata jicho lenyewe lilitulia kidogo kuunga mkono.

Akasema ni mawazo na uchovu, akanipa vitamini, lakini nilipomtajia baba akaweka kalamu chini. Akaniandikia barua ya kwenda mjini kumwona daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Nilisubiri zamu yangu wiki tatu. Katika wiki hizo tatu nilimfundisha binti yangu wa kidato cha tatu kuandika kwa krimu, kila siku akitoka shule, kwa ukali ambao haukuwa na maelezo. Siku moja aliniuliza kwa nini nina haraka hivyo, nikamwambia nafasi ya kujifunza haisubiri mtu. Akaniambia, "Mama, mimi nataka kusoma uhandisi." Nikamwambia hata wahandisi wanakula keki.

Siku ya daktari nilivaa gauni la zipu. Kama nahukumiwa, nihukumiwe nikiwa nimependeza.

Daktari bingwa alikuwa mtu mzima mwembamba, ana miwani, na sura ya mtu ambaye hajala tangu asubuhi. Nikamwamkia, nikamweleza yote: kidole gumba, jicho, mguu, moyo, baba. Kisha akanipima. Aligonga magoti yangu kwa kinyundo. Akaniambia niguse pua yangu na kidole chake, pua na kidole, haraka haraka. Akanitembeza ukumbini, mikono yangu nikairusha kama askari mpaka akaniambia, "Tembea kawaida, mama." Akasimama nyuma yangu akanivuta mabega ghafla, nikageuka nimekunja ngumi. Akaomba radhi, akasema hicho nacho ni kipimo, na nimekifaulu. Halafu nikachora duara la konokono kwenye karatasi, nikaandika neno lolote nilipendalo. Nikaandika Hongera.

Akaliangalia kwa karibu, akainua kichwa.

"Mkono wa mzee ulikuwa unatetemeka akiwa ametulia au akiwa anafanya kazi?"

"Akiwa ametulia. Ameuweka tu kwenye paja."

"Wako ukiwa kwenye paja haufanyi kitu. Nimeuangalia tangu umekaa. Unaanza ukishika kitu." Akavua miwani akaifuta. "Sioni ugonjwa wa baba yako hapa. Lakini kuna jambo linaukoroga huu mwili na silijui. Tupime damu, tuangalie na tezi. Unatumia kahawa?"

"Situmii, dokta."

Akaanza kujaza fomu. Mimi nilikuwa nimelegea mwili mzima, nimeambiwa neno jema na mtu mwenye njaa, na nilivyolelewa mtu akikutendea wema humwachi hivi hivi. Nikafungua mkoba, nikatoa kifurushi cha mama, nikafungua jani la mgomba, nikatia punje moja mdomoni kuonyesha haina sumu, nikamnyooshea kiganja.

"Karibu dokta, tafuna kidogo. Naona umechoka."

Akachukua moja, akaigeuza. "Nini hii?"

"Kahawa."

Kalamu ikasimama. "Mama. Si umesema hutumii kahawa?"

"Hii si ya kutumia, dokta. Hii ni ya kukaribishana."

"Unakaribishana na nani jikoni kwako?"

Nikafunga jani la mgomba. Akaniuliza natafuna ngapi kwa siku. Nikamwambia hatuhesabu, ni mwiko wa adabu kumhesabia mtu kahawa. Akaniomba kwa upole nimimine mezani zote za siku ile. Nikamimina za kwenye mkoba, nikamimina za mfuko wa gauni, zikajaa kibakuli chake cha pini.

"Hizi ni za leo?"

"Za asubuhi."

Alicheka mpaka akalala kwenye fomu yangu. Alicheka mpaka nesi akachungulia mlangoni. Mimi nilikasirika, nasema kweli. Mtu nimekuja na kifo changu mkononi, nimevaa gauni zuri, nimeshamwachia binti urithi, halafu ananicheka kama nimeanguka kwenye tope! Alipoona nimenuna akajikaza, akanieleza taratibu: kwamba natafuna punje na ganda lake, kutwa nzima, tangu mwanzo wa mwaka, kwamba hayo peke yake yanatosha kurusha jicho, mguu, moyo na krimu. Nipunguze kidogo kidogo, damu tupime hata hivyo, nirudi baada ya mwezi.

"Na hizi?" nikauliza, nikionyesha kibakuli.

"Hizi niachie," akasema. "Nina wagonjwa kumi na wanne nje."

Sitasema mengi kuhusu mwezi ule. Kichwa kiliniuma siku nne, nilisinzia nimesimama, na nilikuwa mkali mpaka mume wangu akahamishia mafriji yake kwa rafiki yake. Wiki ya pili jicho likatulia. Wiki ya tatu nilikuwa naandika keki ya ubatizo, nikamaliza neno zima ndipo nikagundua kidole gumba hakijacheza. Nikaandika neno lile tena kwenye sinia, na tena, na tena. Nikamwita mume wangu nikamwonyesha sinia, nikamsimulia kila kitu toka mwanzo, mpaka habari ya ugali.

"Nilijua unanipima," akasema.

"Ulijua? Na tonge lile?"

"Nilifanya kubwa makusudi. Usije ukazoea."

Nilimpiga na mwiko. Lakini niliona macho yake yamelowa, na alikaa jikoni na mimi mchana wote ule bila kugusa friji. Majibu ya damu yalikuja salama, daktari akanifuta kwenye orodha yake. Wateja nao wakanigeuka: watatu walikuwa wameagiza maandishi ya ziwa, na sasa mkono wangu umenyooka kama rula. Nilijaribu kuutikisa kwa makusudi, ikatoka takataka. Ilibidi niwaambie huo mtindo umepitwa na wakati.

Kilichobaki ni kumpigia mama simu kumwambia asitume tena kahawa, au atume ya wageni tu. Naye nilikuwa nimemficha. Nikamsimulia kwa mzaha, nikamwigiza daktari, nikamwigiza shangazi wa Nansio, nikangoja acheke. Mama anacheka haraka kawaida. Safari hii akauliza tu:

"Uliogopa, mwanangu?"

"Niliogopa sana, mama." Na hapo ndipo nilipokumbuka kuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza baba mwenyewe hata siku moja kwa miaka yote ile. "Hivi baba aliogopa?"

"Kila siku," akasema mama. "Lakini ukipiga simu kwamba uko njiani, unamkuta ameniamsha kabla jua halijatoka nimnyoe ndevu, maana akijinyoa mwenyewe anajikata. Hakutaka uone vidonda. Ukiwa hapa anajikaza kutwa, anaongea, anakutania. Ukishaondoka analala siku mbili hainuki."

"Kwa nini alinificha, mama? Mimi si mwanawe?"

"Ndiyo sababu. Alisema huyu ndiye aliyechukua mwandiko wangu. Akiniona nilivyo, ataanza kuiangalia mikono yake, na bado ana kazi ya kufanya."

Nilikaa chini pale pale, juu ya mfuko wa unga, simu sikioni, nikalia kwa sauti mpaka mume wangu akaja mbio kutoka uani akiuliza ni mkono gani umeanza tena. Nikamwambia hakuna. Nikamwambia ni baba, naye akakaa chini.